Majaji Tisa na Wakosoaji Wao: Wanamageuzi dhidi ya Mahakama ya Juu ya Marekani

Mahakama ya Juu ya Marekani ina majaji tisa. Rais wa nchi huwateua, Baraza la Seneti huwathibitisha, na wakishaapishwa hukaa kitini hadi wafe au waamue wenyewe kung'atuka. Kenya humtaka jaji wa Mahakama ya Juu astaafu akifikisha miaka 70, na Tanzania humstaafisha jaji wa Mahakama ya Rufani akiwa na miaka 65. Marekani haina kikomo cha namna hiyo. Bunge linaweza kumshtaki jaji na kumwondoa, lakini tangu mahakama hiyo ianzishwe mwaka 1789 hakuna hata mmoja aliyeondolewa kwa njia hiyo.

Majaji hao ndio wenye neno la mwisho juu ya maana ya Katiba. Katiba yenyewe haisemi waziwazi kwamba mahakama inaweza kufuta sheria iliyotungwa na Bunge. Uwezo huo ulitamkwa na mahakama yenyewe mwaka 1803, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, chini ya Jaji Mkuu John Marshall. Leo hii sheria iliyopita katika Bunge lenye wajumbe 535 na kutiwa saini na rais inaweza kuanguka kwa kura za majaji watano.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wanamageuzi wa Marekani ni watu wa mrengo wa kushoto wa siasa za huko: vyama vya wafanyakazi, watetezi wa haki za watu weusi, za wanawake na za mazingira, pamoja na sehemu kubwa ya chama cha Democratic. Wamekuwa wakiikosoa mahakama hiyo kwa zaidi ya karne moja, na ukosoaji wao una sura mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza inasema hukumu fulani ni mbaya, na majaji wengine wangeamua vizuri zaidi. Ya pili inachimba zaidi: inahoji kwa nini watu tisa wasiochaguliwa wapewe mamlaka makubwa kiasi hicho, hata kama wangekuwa wema. Sura hizi mbili zimekuwa zikipokezana kwa miaka mingi, kutegemea nani amekaa kitini.

Kutoka utumwa hadi kiwanda cha mikate

Hukumu inayotajwa kwanza katika orodha ya makosa ya mahakama hiyo ni ya Dred Scott, iliyotolewa Machi 1857. Scott, mtumwa kutoka Missouri, alidai uhuru wake kwa kuwa bwana wake alikuwa amemchukua kuishi katika maeneo yasiyoruhusu utumwa. Majaji saba kati ya tisa walimkatalia. Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba mtu mweusi wa asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba Bunge halina uwezo wa kupiga marufuku utumwa katika maeneo mapya ya nchi. Miaka minne baadaye, Taney huyo huyo alimwapisha Abraham Lincoln kuwa rais. Katika hotuba yake ya siku hiyo Lincoln alionya kwamba, ikiwa sera za taifa juu ya mambo mazito zitafungwa moja kwa moja na hukumu za Mahakama ya Juu, wananchi watakuwa wameacha kujitawala. Hoja hiyo ndiyo iliyobaki kuwa uti wa mgongo wa ukosoaji wa vizazi vilivyofuata.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe na Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, viliifuta hukumu ya Dred Scott. Marekebisho hayo yaliwapa uraia wote waliozaliwa nchini na walio chini ya mamlaka yake, na kuyakataza majimbo kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Lakini waliopewa kazi ya kuyatafsiri walikuwa majaji. Mwaka 1883 walifuta sheria ya Bunge iliyokataza ubaguzi katika hoteli, vyombo vya usafiri na kumbi za burudani. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, waliruhusu majimbo kuwatenga weusi na weupe kwenye mabehewa ya treni. Jaji John Marshall Harlan peke yake ndiye aliyekataa.

Maneno ambayo hayakuwasaidia weusi yaliwasaidia waajiri. Marekebisho ya 14 yanakataza jimbo kumnyang'anya mtu uhuru wake bila kufuata utaratibu wa sheria, na majaji wakasema uhuru huo ni pamoja na uhuru wa kufunga mikataba ya kazi. Mwaka 1905, katika kesi ya Lochner dhidi ya New York, majaji watano dhidi ya wanne walifuta sheria ya jimbo iliyokataza waoka mikate kufanyishwa kazi zaidi ya saa 10 kwa siku na saa 60 kwa wiki. Kwa mtazamo wao, mwoka mikate na mwenye kiwanda walikuwa watu wawili huru wanaopatana, na serikali haikuwa na haki ya kuwaingilia. Jaji Oliver Wendell Holmes aliwapinga wenzake kwa hoja fupi: Katiba haikuandikwa ili kulinda nadharia moja ya uchumi, na wananchi walio wengi wana haki ya kuzigeuza imani zao kuwa sheria.

Hukumu za aina hiyo ziliendelea kutoka. Mwaka 1918 mahakama ilifuta sheria ya Bunge iliyopambana na ajira ya watoto viwandani. Mwaka 1923 ilifuta kima cha chini cha mshahara kwa wanawake katika mji mkuu, Washington. Wanamageuzi wa enzi hiyo hawakuishia kulalamika kwamba majaji ni wabaya. Walitaka kuupunguza uwezo wenyewe. Theodore Roosevelt, alipogombea urais mwaka 1912 kwa chama chake kipya cha Progressive, alipendekeza wapiga kura wapewe nafasi ya kutengua hukumu za mahakama za majimbo zilizofuta sheria kwa kisingizio cha Katiba. Seneta Robert La Follette wa Wisconsin, aliyegombea mwaka 1924, alitaka Bunge liweze kuipitisha upya sheria iliyofutwa na Mahakama ya Juu, na sheria hiyo isimame. Alipata karibu asilimia 17 ya kura. Pendekezo lake halikutekelezwa, lakini halikusahaulika.

Pambano la mwaka 1937

Franklin Roosevelt aliingia madarakani mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Bunge lilimpitishia sheria za kuokoa kilimo, viwanda na ajira, na mahakama ikaanza kuzifuta. Mwaka 1935 majaji wote tisa walibatilisha mpango wake mkuu wa viwanda. Mwaka 1936 mahakama ilifuta sheria ya kuwasaidia wakulima, na baadaye sheria ya jimbo la New York ya kima cha chini cha mshahara kwa wanawake. Novemba ya mwaka huo Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48.

Akiwa na ushindi huo, tarehe 5 Februari 1937 alipeleka bungeni mpango uliozua mtafaruku. Kwa kila jaji aliyepita umri wa miaka 70 na nusu bila kustaafu, rais angeteua jaji mpya mmoja, hadi sita kwa jumla, na mahakama ingeweza kufikia majaji 15. Katiba haikuukataza, kwa kuwa haitaji idadi ya majaji. Bunge lilikwisha kuibadilisha mara kadhaa kabla ya kutulia kwenye tisa mwaka 1869. Hata hivyo wabunge wengi wa chama chake mwenyewe waliona kwamba rais anajaza mahakama watu wake, na Julai mwaka huo Seneti iliurudisha mpango huo kwenye kamati, ambako ulizikwa.

Katikati ya mabishano hayo, tarehe 29 Machi, mahakama ilitoa hukumu ya kesi ya Elsie Parrish, mfanyakazi wa usafi katika hoteli moja ya jimbo la Washington, aliyedai tofauti kati ya mshahara aliolipwa na kima cha chini cha jimbo. Alishinda kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji Owen Roberts, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa upande wa kufuta sheria kama hiyo, safari hii aliiunga mkono. Wanahistoria wanabishana kama alitishwa na mpango wa Roosevelt, maana majaji walipiga kura faraghani Desemba 1936, kabla mpango haujatangazwa. Lisilobishaniwa ni matokeo: enzi ya Lochner iliisha. Hadi mwaka 1943 Roosevelt alikuwa ameteua majaji wapya wanane kwa njia ya kawaida.

Mahakama hiyo mpya iliheshimu maamuzi ya viongozi waliochaguliwa, kama wanamageuzi walivyotaka. Lakini mwaka 1944, katika kesi ya Korematsu, heshima hiyo hiyo iliifanya ikubali amri ya kuwahamisha kwa nguvu Wamarekani wenye asili ya Japani kutoka pwani ya magharibi, kwa kura sita dhidi ya tatu. Hapo ulijitokeza mtihani ambao ukosoaji wa wanamageuzi haujaumaliza hadi leo: mahakama inayokaa kando ili walio wengi watawale, hukaa kando pia wanapowaonea walio wachache.

Lawama zinapohamia upande wa pili

Earl Warren alipokuwa Jaji Mkuu, kati ya 1953 na 1969, kibao kiligeuka. Mwezi Mei 1954, katika kesi ya Brown, majaji wote tisa waliamua kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Zilifuata hukumu za mwaka 1963 za kumpa wakili mshtakiwa maskini, za mwaka 1964 za kuyapa uzito sawa maeneo ya uchaguzi kwa idadi ya watu, na ya mwaka 1967 ya kuruhusu ndoa kati ya watu wa rangi tofauti. Sasa waliolalamika kwamba majaji wamejitwalia madaraka walikuwa wahafidhina, na barabarani palionekana mabango ya kutaka Warren ashtakiwe na kuondolewa.

Wakili aliyeongoza kesi ya Brown alikuwa Thurgood Marshall, jina lisilo geni katika historia ya Kenya. Mwaka 1960 alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa Lancaster House, akaandaa rasimu ya orodha ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba ya Kenya. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, na akabaki humo hadi 1991. Mwaka 1987, taifa likisherehekea miaka 200 ya Katiba, Marshall alisema hadharani kwamba haoni sababu ya kuwasifu mno waasisi: serikali waliyoiunda ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na ilihitaji vita na marekebisho mengi ili ifikie heshima ya haki iliyokuwepo kufikia wakati huo. Kwa hiyo mmoja wa wakosoaji wakali wa mfumo huo alikuwa ameketi ndani yake.

Mwaka 1973 ulionyesha pande zote mbili za enzi hiyo. Januari, katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, majaji saba dhidi ya wawili waliamua kwamba Katiba inalinda haki ya mwanamke kutoa mimba. Machi, kwa kura tano dhidi ya nne, mahakama hiyo hiyo ilikataa kesi ya wazazi wa Texas waliolalamika kwamba shule za maeneo maskini hupata fedha kidogo kuliko za maeneo tajiri, na Marshall akapinga vikali. Wengi wanakumbuka hukumu ya kwanza kuliko ya pili. Wahafidhina waliifanya Roe kuwa ajenda ya kudumu, na kuanzia mwaka 1982 jumuiya yao ya wanasheria iitwayo Federalist Society ilianza kulea kizazi cha mawakili na majaji waliofundishwa kuisoma Katiba kwa maana iliyokuwa nayo ilipoandikwa.

Hukumu zinazolalamikiwa leo

Ukosoaji wa sasa wa wanamageuzi unaanzia Desemba 2000. Kwa kura tano dhidi ya nne, mahakama ilisimamisha kuhesabiwa upya kwa kura za Florida, na George W. Bush akawa rais. Majaji hao walisema hoja yao ilihusu mazingira ya kesi hiyo tu. Kwa wakosoaji, kauli hiyo ilikuwa kukiri kwamba kanuni imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Hukumu nyingi zilizofuata zilihusu uchaguzi wenyewe. Januari 2010, katika kesi ya Citizens United, majaji watano waliamua kwamba kampuni na vyama vya wafanyakazi vina uhuru wa kutumia fedha bila kikomo kuwafanyia wagombea kampeni, mradi visishirikiane nao. Siku chache baadaye Rais Barack Obama aliilaumu hukumu hiyo mbele ya majaji wenyewe, katika hotuba yake kwa Bunge. Juni 2013, kesi ya Shelby iliondoa makali ya Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965, ambayo iliyataka majimbo yenye historia ya ubaguzi kuomba idhini ya serikali kuu kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Bunge lilikuwa limeiongezea sheria hiyo muda mwaka 2006, kwa kura 98 kwa 0 katika Seneti na 390 kwa 33 katika Baraza la Wawakilishi. Jaji Mkuu John Roberts alisema orodha ya majimbo hayo imepitwa na wakati. Jaji Ruth Bader Ginsburg alimjibu kwamba kuondoa kinga kwa sababu imefanya kazi ni sawa na kutupa mwavuli wakati mvua inanyesha kwa kuwa hujalowa. Siku hiyo hiyo Texas ilitangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura, iliyokuwa imezuiwa. Mwaka 2019 mahakama iliongeza kwamba mahakama za serikali kuu haziwezi kusikiliza kesi za chama kuchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi kwa hila ili kijipendelee.

Upande wa kazi, mwaka 2018 majaji watano walikataza vyama vya wafanyakazi wa umma kuwatoza ada wasio wanachama, hata kama wananufaika na makubaliano yanayopatikana. Upande wa haki za wanawake, tarehe 24 Juni 2022 hukumu ya Dobbs iliifuta Roe baada ya miaka 49 na kuyaachia majimbo suala la utoaji mimba. Jaji Samuel Alito aliandika kwamba haki hiyo haimo katika Katiba wala haina mizizi katika historia ya taifa. Majaji watatu waliopinga walijibu kwamba historia hiyo iliandikwa wakati wanawake hawakuwa na kura, hivyo kuifanya kipimo ni kuwafungia nje mara ya pili.

Kundi jingine la hukumu linahusu mamlaka ya serikali kusimamia uchumi na mazingira. Mwaka 2022 mahakama ilipunguza uwezo wa wakala wa mazingira kudhibiti gesi zinazotoka kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2023 ilifuta mpango wa Rais Joe Biden wa kuwasamehe wanafunzi mikopo ya takriban dola bilioni 400. Mwaka 2024 iliondoa kanuni ya mwaka 1984 iliyozitaka mahakama kukubali tafsiri ya wataalamu wa serikali pale sheria inapokuwa na utata. Wakosoaji wanaona humo kurudi kwa Lochner kwa mlango wa nyuma: majaji wanaingilia tena kati ya sheria na matajiri.

Kisha, tarehe 1 Julai 2024, majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba rais aliyetoka madarakani ana kinga ya kutoshtakiwa kwa makosa ya jinai kuhusu matendo ya kiini cha mamlaka yake, na anachukuliwa kuwa na kinga kwa matendo mengine ya kiofisi. Kesi hiyo ilimhusu Donald Trump. Jaji Sonia Sotomayor aliandika kwamba uamuzi huo unamweka rais juu ya sheria. Roberts alijibu kwamba bila kinga kila rais angeishi akiogopa kushtakiwa na atakayemfuata.

Watetezi wa mahakama wanakumbusha kwamba majaji hawa si mashine ya chama kimoja. Mahakama iliyoongozwa na Roberts iliiokoa sheria ya bima ya afya ya Obama mwaka 2012 na kuruhusu ndoa za jinsia moja nchi nzima mwaka 2015. Mwaka 2020 Jaji Neil Gorsuch, aliyeteuliwa na Trump, ndiye aliyeandika hukumu inayowalinda mashoga na watu waliobadili jinsia wasifukuzwe kazi. Mwaka 2023 mahakama iliitaka Alabama ichore upya maeneo ya uchaguzi yaliyowapunguzia weusi uwakilishi. Kwa watetezi hao, anayeipima mahakama kwa kuhesabu nani kashinda hajaisoma sheria.

Viti, usiri na zawadi

Lawama nyingine hazihusu maudhui ya hukumu, bali jinsi majaji wanavyopatikana na wanavyoendesha mambo yao. Februari 2016 Jaji Antonin Scalia alifariki. Obama alimteua Merrick Garland mwezi uliofuata, lakini viongozi wa chama cha Republican katika Seneti walikataa hata kumsikiliza, wakisema wananchi waamue kwanza katika uchaguzi wa Novemba. Ginsburg alipofariki Septemba 2020, Seneti iliyoongozwa na chama hicho hicho ilimthibitisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba, siku nane kabla ya uchaguzi. Hivyo Trump aliteua majaji watatu katika kipindi kimoja, wakati Jimmy Carter, aliyetawala miaka minne kamili, hakupata hata mmoja. Kiti cha jaji hutegemea kifo na bahati, na majaji sasa hukaa muda mrefu zaidi: kwa wastani walihudumu takriban miaka 15 hadi mwaka 1970, na walioondoka baada ya hapo wakahudumu takriban miaka 26.

Lawama ya pili ni juu ya maamuzi ya dharura. Haya hutolewa bila kusikiliza kesi kikamilifu, mara nyingi kwa aya chache na bila sababu. Mwaka 2015 mwanazuoni William Baude aliyapa jina linalohusisha kazi hiyo na kivuli, na wakosoaji wakalishika. Mfano wao mkuu ni wa Septemba 2021, mahakama ilipokataa kuizuia sheria ya Texas iliyokataza kutoa mimba baada ya takriban wiki sita, takriban miezi kumi kabla ya Roe kufutwa rasmi.

Lawama ya tatu ni maadili. Mwaka 2023 shirika la habari la ProPublica liliripoti kwamba Jaji Clarence Thomas alipokea kwa miaka mingi safari za kifahari kutoka kwa tajiri Harlan Crow bila kuzitangaza. Thomas alisema alishauriwa kwamba ukarimu wa marafiki wa karibu haukuhitaji kutangazwa. Novemba mwaka huo mahakama ilitoa kwa mara ya kwanza kanuni rasmi za maadili, zilizotiwa saini na majaji wote tisa, lakini hazikuweka chombo cha kumchunguza anayezivunja. Imani ya umma ilikwisha kushuka: uchunguzi wa maoni wa Gallup wa Juni 2022 ulikuta ni asilimia 25 tu ya Wamarekani waliokuwa na imani kubwa na mahakama hiyo.

Dawa zinazopendekezwa

Pendekezo linalozungumzwa zaidi ni kuongeza majaji. Aprili 2021 wabunge kadhaa wa Democratic waliwasilisha muswada wa kufikisha majaji 13. Hauhitaji kubadili Katiba, lakini chama kingine kikishika madaraka nacho kinaweza kuongeza. Ginsburg mwenyewe, kabla hajafariki, aliupinga mwelekeo huo akisema utaifanya mahakama ionekane chombo cha vyama. Tume iliyoundwa na Biden iliwasilisha ripoti yake Desemba 2021 bila kuchukua upande katika suala hilo.

Pendekezo la pili ni kuweka ukomo. Julai 2024 Biden aliunga mkono jaji ahudumu miaka 18, ili kila baada ya miaka miwili kiti kimoja kiwe wazi na kila rais apate nafasi sawa. Aliongeza kanuni za maadili zenye nguvu na marekebisho ya Katiba ya kuondoa kinga ya rais. Wanasheria wengi wanaona ukomo nao unahitaji marekebisho ya Katiba, ambayo hupendekezwa kwa theluthi mbili ya kila baraza la Bunge na kuridhiwa na majimbo 38.

Kundi la tatu linarudi kwa La Follette. Wanazuoni kama Nikolas Bowie, Samuel Moyn na Ryan Doerfler wanasema kubadili sura za majaji hakutoshi, kwa kuwa mahakama yenye nguvu hizo itarudi kuwa silaha ya atakayeiteka. Wanapendekeza Bunge liziondolee mahakama mamlaka ya kusikiliza kesi za aina fulani, au sheria isifutwe ila kwa wingi mkubwa wa majaji kuliko watano kwa wanne. Hoja yao inaungwa mkono na historia: miaka ya Warren ilikuwa michache katika zaidi ya karne mbili ambazo, kwa sehemu kubwa, mahakama ilisimama na wenye mali na wenye nguvu. Wanaowapinga, wakiwemo wanamageuzi wenzao, wanauliza ni nani angevunja ubaguzi wa shule za Kusini mwaka 1954 kama mambo yangeachiwa mabunge ya majimbo yaliyochaguliwa na weupe watupu.

Mapendekezo haya makubwa bado hayajatekelezwa. Ukosoaji umezaa matunda zaidi ulipopita njia za kawaida za siasa. Mwaka 1895 mahakama ilifuta kodi ya mapato; Marekebisho ya 16 yaliirudisha mwaka 1913. Mwaka 2007, kwa kura tano dhidi ya nne, ilimkatalia Lilly Ledbetter, aliyekuwa amelipwa mshahara mdogo kuliko wanaume kwa miaka mingi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear, kwa kuwa hakushtaki mapema. Ginsburg alisoma upinzani wake kwa sauti mahakamani na kulitaka Bunge lirekebishe sheria. Januari 2009 Obama alitia saini marekebisho hayo yenye jina la Ledbetter. Hata baada ya Dobbs, wapiga kura wa Kansas walikataa Agosti 2022 kuiondoa haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo lao, na wale wa Michigan mwaka huo na wa Ohio mwaka 2023 waliiandika katika zao. Florida mwaka 2024 pendekezo kama hilo lilipata asilimia 57, chini ya 60 zilizohitajika.

Mifano hiyo inaeleza kwa nini wakosoaji wengi huziweka hukumu za Shelby, Citizens United na ya mwaka 2019 juu ya mipaka ya uchaguzi mbele ya nyingine zote, hata mbele ya Dobbs. Hukumu mbaya juu ya mshahara au afya inaweza kusahihishwa na wananchi kwa sanduku la kura. Hukumu inayogusa sanduku lenyewe hupunguza uwezo wa kuzisahihisha nyingine zote.